Goti la Jirani

Mwaka 2016 nilikaa na mama Chennai, India, karibu miezi miwili, alikokwenda kubadilishwa valvu ya moyo. Daktari alipomruhusu kusafiri, mama akasema haturudi Tanga kabla ya kushuka pwani, wilaya ya Nagapattinam. Alikuwa na nadhiri yake Nagore, kwenye kaburi la walii Shahul Hamid. Tena alikuwa na amana ya mtu. Jirani yetu Mkatoliki, aliyesimuliwa habari za huko na sista mmoja wa Kihindi, alimfungia noti ya elfu kumi kwenye leso: "Ukifika kwa Bikira wa Velankanni, niombee goti."

Tulianza na amana. Kanisa la Velankanni ni jeupe pe, na bahari i karibu mno. Tsunami ya Desemba 2004 iliua watu wengi sana pale ufukweni, lakini maji, wenyeji wanasema, hayakuingia kanisani. Mama aliposikia hivyo alinyamaza, akawa anatazama mawimbi tu.

Madukani wanauza vibati vyeupe vilivyochorwa kiungo kinachouma: jicho, mkono, moyo, hata nyumba kwa asiye na nyumba. Muuzaji hajui Kiswahili, mama hajui Kitamil. Akainua baibui kidogo, akajipiga gotini, akakunja uso kama anayelia. Duka zima lilicheka, na kibati cha mguu kikapatikana.

Mimi ndiye niliyeingia kukiweka. Bikira amevishwa sari. Nje, watu walikuwa wakitambaa kwa magoti juu ya mchanga, njia ndefu, jua kali. Mama, kivulini, aliguna: "Sasa mwenye goti bovu angeyaweza haya?"

Kwenye basi la kwenda Nagore tulizungukwa na vipara vilivyopakwa msandali wa njano. Velankanni wananyoa nadhiri, Nagore wananyoa, na mahekalu ya Wahindu vilevile; kwa kutazama kichwa usingejua kimetoka kwa nani. Nilijaribu kubahatisha, nikakosea mara mbili.

Nagore ina minara mitano. Ule mrefu kupita yote, karibu mita 40, ulijengwa na mfalme wa Kihindu wa Thanjavur. Ndani, mama alikaa karibu na mwanamke mwenye alama nyekundu usoni, amepakata mtoto aliyenyolewa muda ule ule. Mzee wa pale alipitisha manyoya ya tausi juu ya vichwa vyote vitatu, akasoma dua. Mama alilia. Mwanamke yule akampa pembe ya sari ajifute, na mama akajifuta.

Tulipofika Tanga jirani hakuuliza hata habari za moyo.

"Goti langu umelifikisha?"

"Nimelifikisha," mama akamjibu. "Na kwa walii pia nimelitaja, maana nilishafika."