Nilivyomaliza ubishi wa makrofaji zinatoka wapi

Kama umesoma udaktari au baiolojia kwetu Tanzania kuna mchoro umeukariri: seli shina za damu ziko kwenye uboho, zinazaa monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), monosaiti inazunguka kwenye damu, ikiingia kwenye tishu inageuka makrofaji, yaani seli ya kinga inayomeza vijidudu na mabaki ya seli, basi. Huo mpangilio waliuweka watafiti kina van Furth, mwaka 1972 ukachapishwa kwenye jarida la WHO, na kwa vifaa walivyokuwa navyo wakati ule siwalaumu. Ninaoudhika nao ni watu wa leo wanaokushauri ufanye utafiti kana kwamba hakuna kilichotokea tangu hapo. Ginhoux na wenzake walionyesha 2010 kwamba maikroglia, yaani makrofaji za ubongo, zinatokana na seli zilizozaliwa kwenye kifuko cha kiini cha yai, kabla kiinitete hakijawa na seli shina za damu zenyewe. Yaani zinaingia kwenye ubongo mapema kabisa, zinajizalisha humo humo, na uboho hauchangii kitu cha maana.

Mimi nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu kwenye panya, hapa Ujerumani ninakosomea, halafu nilinganishe na ini, mapafu na utumbo.

Ushauri wa kwanza niliopewa na mkubwa mmoja ulikuwa huu: piga panya mionzi, ua uboho wake, mpandikizie uboho wa panya mwingine mwenye alama, subiri, fungua uone. Rahisi na haraka. Nilisoma kwanza nikakataa, na nakushauri na wewe ukatae, kwa sababu mionzi yenyewe ndiyo inayoharibu jibu. Inafungua njia ya kuingia kwenye ubongo, seli za uboho zinaingia mahali ambapo kwa kawaida haziingii, unaziona humo unasema aha, zinatoka kwenye uboho. Kwenye mapafu ndiyo balaa, maana makrofaji za vifuko vya hewa zinakufa kwa mionzi na nafasi yake inajazwa na wageni. Utakuwa umepima ukarabati wa nyumba iliyoungua, wakati swali lilikuwa nani aliijenga.

Njia ya kweli ni kuweka alama kwenye kiinitete. Unatumia panya waliowekewa Cre, kimeng'enya kinachokata DNA na kuwasha alama ya rangi; inaamka ukiwapa dawa ya tamoksifeni tu, na inaamka kwenye seli zenye Csf1r peke yake, kipokezi kilicho kwenye makrofaji na seli zinazozizaa. Ukimpa mama dawa siku ya 8 na nusu ya mimba, seli za kifuko cha kiini zinawekewa alama nyekundu ya kudumu, na seli zote zitakazozaliwa kutoka kwao zitaibeba. Seli shina za damu zinakuja kuonekana karibu siku ya 10 na nusu, kwa hiyo dirisha ni dogo sana. Ndiyo maana usitumie tamoksifeni ya kawaida, ile inasubiri ini la mama liibadilishe kwanza, tumia 4-hidroksitamoksifeni ambayo iko tayari. Inayeyushwa kwenye ethanoli halafu unachanganya na mafuta ya alizeti, na inabishana kweli kweli, unaiweka kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, unaitoa, bado ina chembe, unairudisha, mpaka yawe maangavu kabisa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama na hawaandiki kwenye ripoti zao. Hiyo dawa inapinga estrojeni, kwa hiyo mimba zinatoka, na zikibaki mama anashindwa kuzaa. Raundi za mwanzo nilipoteza watoto wote. Unakuja asubuhi mama yuko pale amechoka, tumbo bado limejaa, hakuna kitu. Na masanduku ya panya huku yanalipiwa kwa siku, ukizubaa laki kadhaa za kwetu zimeondoka. Kuna aliyeniambia nipunguze dawa mpaka robo, jambo ambalo lingefanya alama iwe hafifu nisione chochote.

Aliyeniokoa ni mama mmoja fundi wa wanyama, mtu mzima, ameshika panya kuliko maprofesa wote wa jengo lile. Akaniambia changanya projesteroni humo humo kwenye sindano, nusu ya kipimo cha dawa, yaani mikrogramu 75 za dawa kwa kila gramu ya panya, projesteroni 37.5. Mimba zikashika. Halafu usisubiri azae, siku zikitimia watoe watoto kwa upasuaji. Unawafuta kwa shashi taratibu, mmoja mmoja, juu ya kitu cha moto, unasugua mgongo mpaka anageuka kutoka rangi ya kijivu anakuwa wa waridi na anaanza kupumua mwenyewe. Ile ya kwanza iliyonipumulia mkononi nilipiga kelele chumba kizima wakageuka.

Kisha mama wa kulea. Tafuta panya mweupe aliyezaa siku hiyo hiyo au jana yake, mtoe pembeni, wapake wako matandiko ya sanduku lake wanuke kama wa kwake, wachanganye na wake wachache. Watoto wote wanazaliwa bila manyoya, utawatambuaje wako? Angalia macho: wa panya weusi, kama wangu, wana doa jeusi linaonekana chini ya kope iliyofumba, wa weupe hawana. Hiyo hakunifundisha mtu, niliiona mwenyewe usiku nikiwa nimeinama na taa, na sasa maabara nzima wanaitumia.

Walipokua, kazi ya mashine ya kuhesabu seli ilikuwa nyepesi. Maikroglia nyekundu, monosaiti za damu hamna kitu. Kwa kuwa dawa haiwezi kukamata seli zote, chukua kiwango cha maikroglia kama ndiyo kipimo chako cha juu, viungo vingine vyote uvilinganishe na hicho. Kwenye ini seli za Kupffer, yaani makrofaji za ini, zilikuwa na alama ya kutosha, kwenye utumbo karibu hakuna, maana kule monosaiti zinaingia kila siku kuchukua nafasi, kwa hiyo van Furth kwenye utumbo hakukosea.

Mapafu ndiyo yanataka akili. Makrofaji za mapafu zinang'aa zenyewe, hasa kwenye kijani, kwa hiyo ukitumia alama ya kijani utadhani zote zimepata. Tumia nyekundu, na mstari wa kukatia, yaani unaotenga seli zenye alama na zisizo nayo, uuchore kwa mapafu ya ndugu yake wa tumbo moja asiye na Cre. Usiuchore kwa damu! Nimeona mtu anautolea kwenye damu anatangaza mapafu yote yana alama.

Mdogo wangu anasoma udaktari Dodoma, nilipomtumia picha akaniuliza, "Kaka, lakini hao si panya tu?" Swali zuri. Nikamwambia kuna watu wenye hitilafu ya jini ya GATA2, damu yao karibu haina monosaiti kabisa, lakini ngozi yao ina seli za Langerhans (seli za kinga za ngozi) na makrofaji bado wanazo. Akanyamaza, kisha akataka nimweleze la ini, kwa sababu vijidudu vya malaria vikitoka kwa mbu hupita kwenye seli za Kupffer kuingia kwenye ini. Na Kupffer zikiuawa nyingi, monosaiti za uboho zinaweza kuja kukaa pale zikawa Kupffer kamili. Kwa hiyo kwenye ini la mtu mzima unaweza kukuta za tangu tumboni na za juzi zimekaa pamoja, na kuzitenganisha hizo mbili ndiyo kazi niliyoianza mwezi huu.