Vikombe Kumi na Kimoja

Nilijua mambo yameharibika pale kahawa ilipoanza kumwagika kabla haijafika mdomoni. Ilikuwa usiku wa Oktoba 2018, saa tatu kasoro, barazani Mji wa Kale, Mombasa. Kusi imekwisha, kaskazi haijaingia, hewa imesimama tuli. Muuza kahawa alikuwa ameshatua dele lake, makaa yakiwaka chini ya shaba, huku akigonganisha vikombe kwa mkono mmoja kama ilivyo ada yao. Vikombe vyenyewe ni vidogo, havina mkono. Hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole viwili. Vyangu vilikuwa vinatetemeka hata kahawa ikachora mstari mweusi kwenye kanzu.

"Yakhe, una homa?" akaniuliza jirani yangu wa baraza.

Sikuwa na homa. Nilikuwa na miezi mitano bila sigara.

Niliacha katikati ya Mei mwaka ule, Ramadhani ilipoandama. Huku kwetu wengi huacha hivyo, na wengi hurudia siku ya Idi baada ya pilau. Kufunga kwenyewe si kazi. Toka alfajiri hadi magharibi ni saa kumi na tatu na ushei, na mvutaji wa sigara kumi na tano kwa siku huvuka adhuhuri na alasiri bila taabu kubwa. Taabu huja nusu saa ya mwisho, tende zikiwa zimeshapangwa siniani. Si kwamba nikotini imepungua ghafla katika nusu saa ile. Ruhusa ndiyo iliyokaribia. Watafiti wa Israel waliwafuatilia wahudumu wa ndege wanaovuta, wakachapisha mwaka 2010: hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, safari iwe fupi au ndefu. Aliyewahi kufunga na pakiti mfukoni hahitaji kupanda ndege kulijua hilo.

Nikotini haikai mwilini. Nusu yake hutoka damuni kwa muda wa saa mbili hivi, na siku ya tatu imekwisha. Makali ya kuacha huwa mabaya zaidi wiki ya kwanza, na kwa watu wengi yametulia ifikapo wiki ya nne. Vile vipokezi vya nikotini vya ubongoni vilivyoongezeka kwa sababu ya uvutaji navyo hurudi idadi yake ndani ya miezi mitatu hivi. Kwa hiyo mtu aliye mwezi wa tano, hatulii kitini, halali, amkaripia mtoto kwa kijiko kilichoanguka, ana haki ya kuuliza deni hili ni la nani. Mimi sikuuliza. Kila kitu nilikibandika kwa sigara.

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa kutoa mizigo bandarini, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kungoja: stempu, malipo yaonekane, geti lifunguliwe. Tangu treni mpya ya mizigo ianze Januari mwaka ule, makontena mengi yalipitiliza Nairobi na sisi tukabaki kungoja hata kile kidogo kilichosalia. Zamani kila kungoja kulikuwa na sigara yake. Sigara ilipoondoka, kungoja hakukuondoka, na kahawa ikakaa mahali pale bila mimi kuialika.

Usiku ule niliinuka barazani nikaenda kibandani. Sheria ya tumbaku ya 2007 inataka sigara ziuzwe kwa pakiti isiyopungua 10, lakini kibandani pakiti hufunguliwa ikauzwa moja moja, na kiberiti cha gesi huning'inia kwa uzi wa nailoni uliofungwa kwenye wavu, kisije kikatoroka na mteja. Nilinunua moja. Nikakishika kile kiberiti, kidole juu ya gurudumu, nikakiachia. Moyo ulikuwa wapiga hata nausikia masikioni, na niliogopa kuuongezea. Sigara nikaitia mfuko wa kanzu, nikavuka njia hadi duka la dawa.

Mwenye duka alikuwa mzee aliyefanya kazi hospitali miaka mingi kabla ya kustaafu. Mtaa mzima tulimwita Ami.

"Kifua chauma?" akaniuliza. "Pumzi yakata? Umepata kizunguzungu cha kuanguka?"

"La, Ami."

"Ungesema ndiyo, saa hii ungekuwa kwenye tuktuk wapelekwa hospitali. Keti. Leta mkono."

Alinishika kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani, akahesabu nusu dakika: hamsini na nne. Mia na nane kwa dakika, nami nimekaa kitako. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya 60 na 100.

"Wavuta?"

"Nimeacha. Mwezi wa tano huu."

"Mashallah. Na kahawa, wanwa ngapi kutwa?"

Sikuwahi kuhesabu. Nilianza kwa vidole: viwili kabla ya kivuko, vitatu bandarini, kimoja baada ya adhuhuri, viwili alasiri, na vya barazani. Vidole vikaisha, nikarudia cha kwanza. Kumi na kimoja.

"Na ulipokuwa wavuta?"

"Vitano. Sita Ijumaa."

Ami alicheka, akachukua bahasha ya dawa, akaandika nyuma yake 11, akaweka alama ya kuzidisha, akaandika 2.

Sababu yake iko kwenye ini. Kafeini, kile kiamshi kilichomo kwenye kahawa, huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Moshi wa tumbaku, yaani zile kemikali zinazotokana na kuungua, wala si nikotini, hulifanya ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi. Mvutaji kwa hiyo huimaliza kahawa yake haraka. Akiacha, ini hurudi mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki moja hivi, na kwa vikombe vile vile alivyozoea, kafeini damuni hufika karibu mara mbili. Mimi sikubaki kwenye vile vile. Nilikuwa nimevizidisha pia. Na kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na moshi, bandeji ya nikotini au chingamu haibadilishi kitu hapo.

"Ishirini na mbili," akasema Ami, akinisukumia bahasha. "Kwa hesabu ya mwili wako wa zamani. Hata punda angetetemeka."

Akaniambia pia kwamba dawa kadhaa hupita njia hiyo hiyo ya ini: theofilini ya pumu, klozapini na olanzapini za maradhi ya akili. Anayezitumia akiacha sigara bila kumwambia daktari, dozi ile ile yaweza kumzidi nguvu. Hili ningependa lisemwe kwa sauti zaidi kuliko linavyosemwa.

Usingizi nao ukajieleza. Kwa mvutaji, nusu ya kafeini hutoka kwa saa tatu hivi. Kwa asiyevuta, kama tano. Kikombe cha saa tatu usiku zamani kilikuwa kimebaki nusu ifikapo saa sita. Sasa saa nane usiku nusu yake bado imo, nami nimekodolea macho neti, nikijiambia mwili wataka sigara.

Nilimwomba chingamu ya nikotini. Alikuwa nayo kabatini, ya miligramu 2 na ya 4. Ya 4 ni ya yule anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka. Akakataa kuniuzia. Mwili uliokwisha kuisahau nikotini miezi mitano, akasema, hurudishiwaje kwa kosa la kahawa? Kisha akaniuliza nilivyoitumia wiki za mwanzo, nikakiri kuwa niliitafuna kama chingamu ya watoto, tena na kahawa mkononi. Ndiyo maana ilinipa kwikwi na haikunipoza. Hutafunwa polepole mpaka ladha ya pilipili itoke, kisha hubanwa kati ya shavu na ufizi mpaka ukali upungue, ndipo itafunwe tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Nikotini hupita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo; ukiimeza hushuka tumboni bure na kuleta kwikwi. Kahawa na soda zina asidi inayozuia isipite, basi mdomo uwe umepumzika nazo dakika 15 kabla ya kutafuna.

Kilichonifaa zaidi ni namna aliyonitenganishia mambo mawili niliyokuwa nikiyaita jina moja. Hamu ya sigara ina mahali na ina mtu: huja ukifika penye mazoea, hukaza, na baada ya dakika chache hulegea hata usipofanya lolote. Wahka wa kahawa hauna mahali. Huanza kama nusu saa baada ya kikombe, hukaa masaa, na dalili zake ni mkono, moyo na usingizi. Hamu huvukwa kwa kuondoka pale na kuupa mkono shughuli. Wahka hupungua kwa kupunguza kahawa, hauna dawa nyengine, na kutafuna muguka, yaani majani ya miraa, ili "utulie", kama alivyonishauri mmoja barazani, ni kuumwagia moto mafuta ya taa.

"Toa kikombe kimoja kila siku mbili," akasema. "Anza na cha usiku. Mkono ukidai kikombe, upe maji ya moto na tangawizi. Si chai ya rangi, hiyo nayo ina yake."

Niliteremka hadi Feri, kivuko cha Likoni, kwa miguu, mwendo wa nusu saa na zaidi. Kwenye banda la kungojea, pale nilipokuwa nikivuta ya mwisho kabla geti halijafunguliwa, hamu ikaja, ile yenye mahali. Nikatazama saa ya simu: tatu na dakika hamsini na mbili. Geti likafunguliwa, tukateremka na umati, mikokoteni na baiskeli, mkono wangu uko mfukoni wazungusha ile sigara. Feri ikang'oa. Katikati ya mlango wa bahari nilijikuta namsikiliza mama mmoja akigombana na muuza korosho kuhusu kipimo. Tulipogusa Likoni ilikuwa saa nne na dakika moja, na sikukumbuka hamu ilikwisha lini. Mfukoni sigara ilikuwa imevunjika, tumbaku imeingia kwenye mshono. Niliupindua mfuko nikaukung'uta.

Hapo ningeishia vizuri lau ningemsikiliza Ami vizuri. Kesho yake, kwa ushujaa, sikunwa hata kikombe kimoja. Jioni kichwa kikaanza nyuma ya macho, na siku ya pili kikawa hakigusiki. Kafeini hubana mishipa ya damu ya kichwani. Ikikatwa ghafla mishipa hutanuka, na maumivu yaweza kuendelea hata siku tisa. Tena yalikuja na uchovu na hasira, vitu ambavyo mtu aliyeacha sigara hudhani avijua. Nilikaribia kibanda kile kwa mara ya pili katika juma moja.

Nikapita kwa Ami kwanza.

"Nilikwambia punguza," akasema, hakuinua hata kichwa. "Nani alokwambia uwache?"

Barazani muuza kahawa alikuwa ameshatua dele. Nikamwambia anitilie nusu. Akanitazama, akaitazama kanzu yangu, akamimina mpaka katikati ya kikombe, akaninyoshea na mkono wa pili kudai pesa. Bei ile ile.