Jina la Mpigapicha Likae Chini ya Picha Yake

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha, na katika kazi hiyo hakuna jambo linalonibishanisha na wateja kama jina la mpigapicha. Tovuti ya safari huuza kwa picha kabla ya kuuza kwa maneno. Mgeni aliye Ujerumani au Marekani hajafika Serengeti, hamjui dereva wala mpishi wa kambi, na mara nyingi kinachomsukuma aandike kuulizia bei ni picha ya nyumbu wakivuka mto Mara, au ya kreta ya Ngorongoro ukungu wa asubuhi ukiwa haujaondoka. Aliyepiga picha ya mtoni alikaa ukingoni juani akisubiri kundi ambalo huenda lisingevuka siku hiyo. Kampuni inayoingiza fedha kwa jasho hilo ina wajibu wa kumtaja, na nasema hivyo hata pale ambapo ilimlipa.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Mteja huuliza: nimeshamlipa, picha ni yangu, jina lake linatafuta nini kwenye tovuti yangu? Swali hilo linachanganya haki mbili. Ya kwanza ni haki ya kunufaika na picha, yaani kuinakili, kuichapisha na kuitangazia biashara, na hiyo inaweza kuuzwa au kukodishwa kwa mkataba. Ya pili ni haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na kuongezewa kifungu cha haki hiyo katika marekebisho ya Roma ya mwaka 1928, unasema kwamba mtunzi hubaki nayo hata baada ya kuhamisha haki zake za kiuchumi. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inampa mtunzi haki ya kudai kwamba kazi ni yake.

Upande wa pili wa jambo hili wengi hawaupendi: kumtaja mtu si kumwomba ruhusa. Kampuni inayochukua picha kwenye ukurasa wa Instagram wa mpigapicha bila kumuuliza, kisha ikaandika jina lake chini, bado imetumia mali ya mtu bila idhini. Na iko desturi inayoniumiza zaidi, ya kuandika “Picha kwa hisani ya mtandao” au “Picha: Google”. Maneno hayo hayamtaji mtu yeyote. Google inatafuta tu na kuonyesha picha ilipo, na mpigapicha anapoyaona chini ya kazi yake anajua kwamba aliyeyaandika alitambua kuwa jina linahitajika, ila hakulitafuta.

Jina lisilo sahihi nalo lina madhara yake, na kesi ya Daniel Morel inaonyesha ukubwa wake. Morel, mpigapicha wa Haiti, alikuwa Port-au-Prince tetemeko lilipotokea tarehe 12 Januari 2010, na saa chache baadaye aliweka picha zake Twitter. Mtu mwingine aliyekuwa Jamhuri ya Dominika alizinakili akazitangaza kuwa zake. Shirika la habari la AFP lilizichukua na kuzisambaza kwa jina la huyo mwingine, na kupitia Getty Images, kampuni inayouza picha duniani, zikafika kwenye vyombo vya habari vya nchi nyingi. AFP baadaye ilituma masahihisho ya jina, lakini nakala zenye jina la uongo ziliendelea kutumika. Mwezi Novemba 2013 baraza la mahakama mjini New York liliamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Kesi ilihusu hasa matumizi ya picha bila ruhusa, lakini kila ninapoisoma nawaza juu ya siku zile ambazo dunia nzima ilikuwa ikitazama kazi yake ikidhani ni ya mtu mwingine.

Kampuni ndogo isiyo na fedha za kununua picha hukimbilia leseni huria za Creative Commons, ambazo mtunzi huruhusu kwazo kazi yake itumiwe bure kwa masharti, na sina neno nalo, mradi masharti yasomwe. Leseni inayokataza matumizi ya kibiashara haiifai tovuti ya kampuni ya safari. Leseni inayoruhusu biashara kwa sharti la kumtaja mtunzi inataka jina lake, kiungo cha leseni, na maelezo kwamba picha imebadilishwa ikiwa imebadilishwa. Ukiikata juu na chini ili ienee kwenye bango la ukurasa wa mwanzo, umeibadilisha. Kuandika “Picha: Wikipedia” hakutimizi sharti hilo, kwa sababu jina la mpigapicha limeandikwa wazi kwenye ukurasa wa picha huko Wikimedia Commons, hazina ambako picha nyingi za Wikipedia huhifadhiwa. Anayekiuka masharti hupoteza haki ya kuitumia picha, ila toleo la 4.0 la leseni hizo humrudishia haki hiyo akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue kosa.

Mahali pa kuliweka jina napo pana mambo yake. Maelezo yanayojitokeza pale tu mshale wa kompyuta unapopita juu ya picha hayaonekani kwenye simu, na wasomaji wengi wako kwenye simu. Maandishi mbadala ya picha yameandaliwa kwa ajili ya wasioona, wapate kuelezwa kilichomo pichani, hivyo si mahali pa jina. Mimi huliweka chini ya picha kwa herufi ndogo zinazosomeka, na kwa picha za bango natengeneza ukurasa wa majina wenye kiungo mkiani mwa kila ukurasa. Vilevile naliacha ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu za IPTC, yaani nafasi za taarifa za picha zinazofichwa ndani ya faili, ambazo tangu mwaka 2018 Google huweza kuzisoma na kuonyesha jina la mtunzi kwenye matokeo ya picha. Ndiyo maana nawasihi wateja wasinitumie picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa kuwa huminywa na taarifa hizo hupotea. Wazitume kama hati, au kwa barua pepe.

Waliosahaulika kuliko wote ni madereva waongozaji. Wako porini kila siku, wana kamera nzuri, na picha zao nyingi ziko kwenye tovuti za waajiri wao bila jina, kwa hoja kwamba mtu yuko kwenye mshahara. Kwenye tovuti ninazozitunza sasa naandika jina la dereva na kwamba ni mwongozaji wa kampuni, na wageni huandika wakiomba wasafiri na huyo aliyepiga picha ya chui. Picha ambayo mpigaji wake hajapatikana baada ya kutafutwa naiondoa, na nafasi yake nampa dereva.