Zawadi ya Krismasi kwa Wajumbe 168

Mnamo Desemba 2008, wajumbe wa Kamati ya Taifa ya Chama cha Republican nchini Marekani walipokea bahasha za salamu za Krismasi kutoka kwa Chip Saltsman, mwanasiasa wa Tennessee aliyekuwa akiwaomba kura ili awe mwenyekiti wa chama. Pamoja na barua ya kuwatakia heri, ndani ya bahasha mlikuwa na CD ya nyimbo za kejeli za kisiasa kutoka kwa rafiki yake, Paul Shanklin, na mmoja wa nyimbo hizo uliitwa "Barack the Magic Negro". Barack Obama mwenyewe alikuwa ameshinda urais wiki zipatazo saba tu kabla ya hapo, kwa kura 365 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 173 za John McCain wa Republican, na huku kwetu Afrika Mashariki Rais Mwai Kibaki alikuwa ameitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko kwa Kenya nzima.

Kisa hiki hunijia kila ninapomsikia mtu akitetea maneno ya mgombea kwa kusema kwamba ulikuwa utani tu. Wengi hukisimulia kama kisa cha ubaguzi wa rangi, na sina ugomvi nao, lakini kinachonishughulisha zaidi ni upande wa uamuzi. Hapa palikuwa na mtu aliyekwishakuwa mwenyekiti wa chama katika jimbo lake, aliyesimamia kampeni ya urais ya Mike Huckabee mwaka uleule, na ambaye sasa alitaka akabidhiwe chama kilichotoka kushindwa vibaya. Mtu huyo alikaa, akajiuliza ni kitu gani kingewapendeza watu ambao kura zao alizihitaji, kisha akachagua kitu hicho, akakifunga na kukitia kwenye posta. Hakuteleza ulimi jukwaani. Kila hatua ilimpa nafasi ya kusita, naye hakusita.

Wimbo wenyewe una asili yake, na asili hiyo ndiyo inayofanya utetezi wake uonekane kuwa na mashiko. Tarehe 19 Machi 2007, David Ehrenstein, mwandishi ambaye mwenyewe ni Mmarekani Mweusi, alichapisha makala katika gazeti la Los Angeles Times kuhusu mhusika aitwaye "Magic Negro", yaani Mweusi wa miujiza, anayejitokeza mara kwa mara katika filamu za Hollywood: mtu Mweusi asiye na historia wala matamanio yake mwenyewe, anayetokea ghafla kumsaidia shujaa Mweupe na kumtuliza dhamiri, kisha akapotea. Ehrenstein alidai kwamba sehemu ya mapenzi ya Wazungu kwa Obama ilikuwa ya namna hiyohiyo, yaani walimpenda kwa sababu ya kile walichojaza wenyewe ndani ya taswira yake. Ni hoja kali na mtu anaweza kuibishia, lakini aliyekuwa akihojiwa humo ni mpiga kura Mweupe na ndoto zake.

Makala hiyo ikamfikia Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio aliyekuwa na wasikilizaji wengi kuliko karibu mwanahafidhina mwingine yeyote nchini humo, naye akalidaka jina. Shanklin, aliyekuwa fundi wa kuigiza sauti katika kipindi hicho, akatunga wimbo kwa lahani ya "Puff, the Magic Dragon", wimbo ambao kundi la Peter, Paul and Mary liliuvumisha mwaka 1963 na ambao watoto wa Marekani wamekua wakiuimba tangu hapo. Anayeimba katika kejeli hiyo ameiga sauti ya Mchungaji Al Sharpton, mwanaharakati Mweusi wa haki za raia, akinung'unika kwamba Wazungu wanamkimbilia Obama kwa kuwa yeye si Mweusi halisi kama wale waliotangulia kupigania haki.

Kwa hiyo watetezi walikuwa na la kusema: anayechekwa ni Sharpton na wale Wazungu wa mrengo wa kushoto, na jina lililozua ghadhabu lilitoka kwenye kalamu ya mtu Mweusi. Utetezi huu haupaswi kupuuzwa, kwa sababu kejeli nzuri mara nyingi huazima silaha ya mpinzani na kumrudishia. Lakini Shanklin aliazima jina na kuiacha hoja. Ile hoja kuhusu Wazungu, iliyokuwa moyo wa makala, imebaki kama kivuli kwenye beti, ilhali kinachorudiwa ni kiitikio, na kiitikio ni lile jina la kizamani la kuwaita Watu Weusi likiimbwa kwa lahani tamu ya watoto. Dereva anayesikiliza redio akiwa barabarani hashuki kwenye gari akiwa na uchambuzi wa filamu za Hollywood kichwani. Anashuka akipiga mluzi wa kiitikio. Peter Yarrow, mmoja wa watunzi wawili wa wimbo wa asili, aliandika hadharani kueleza jinsi alivyosikitishwa na kushtushwa na matumizi hayo, na ninadhani alichokilalamikia zaidi ni hicho, kwamba utamu wa kazi yake ulitumika kulainisha kitu kichungu.

Hata hivyo, mimi si katika wanaotaka Shanklin angefungwa mdomo. Kazi yake ilikuwa kuwachekesha wasikilizaji wa Limbaugh, na anayefungua kipindi kile alikuwa akijua anafungua nini. Wimbo ulichezwa redioni kwa zaidi ya mwaka mzima, ukalaaniwa na baadhi ya watu, ukachekwa na wengine, na chama hakikulazimika kuujibu. Kilichobadilisha mambo ni mkono uliouchukua kutoka redioni na kuufanya zawadi. Mwanamke wa pwani akikuletea kanga yenye maneno ya kijembe hawezi kujitetea baadaye kwamba maneno yale ni ya mwenye kiwanda; aliyeichagua dukani ndiye msemaji, na mtaa mzima unalijua hilo. Saltsman alipoitia CD kwenye bahasha yenye jina lake na ombi lake la kura, maneno ya Shanklin yakawa maneno ya mgombea uenyekiti.

Tena haukuwa wimbo mmoja uliojipenyeza bahati mbaya kati ya nyimbo safi. Humo humo mlikuwa na mwingine ulioitwa "The Star Spanglish Banner", unaocheza na jina la wimbo wa taifa la Marekani ili kuwadhihaki wahamiaji wanaozungumza Kihispania. Katika uchaguzi uliokuwa umekwisha punde, kura za maoni za vituoni zilionyesha kwamba takriban asilimia 67 ya wapiga kura wenye asili ya Amerika ya Kilatini walimchagua Obama, na kwa wapiga kura Weusi ilikuwa asilimia 95. Tangu J. C. Watts wa Oklahoma astaafu mwanzoni mwa 2003, chama cha Republican hakikuwa na mbunge hata mmoja Mweusi katika Baraza la Wawakilishi. Mtu anayetaka kukiongoza chama katika hali hiyo, akitafuta zawadi ya kuwapa viongozi wenzake, alipata CD moja iliyoyadhihaki makundi yote mawili kwa pamoja.

Gazeti la The Hill lilipoiandika habari hiyo tarehe 26 Desemba, Saltsman alijibu kwamba Shanklin ni rafiki yake wa siku nyingi, kwamba nyimbo zile ni mzaha mwepesi wa kisiasa, na kwamba wajumbe wa kamati wana ucheshi na busara ya kutosha kulitambua hilo. Jibu hili linafaa kusomwa taratibu. Ndani yake hamna mpiga kura wa kawaida, hamna raia Mweusi wa Memphis au Nashville, hamna hata mwanachama wa kawaida wa Republican. Mna wajumbe tu. Na kwa hesabu za kinyang'anyiro kile alikuwa sahihi kabisa. Kamati hiyo ina wajumbe 168, watatu kutoka kila jimbo kati ya majimbo 50, kutoka Washington na kutoka maeneo matano ya ng'ambo, na kura 85 zinamtosha mtu kuwa mwenyekiti. Mgombea anaweza kumpigia simu kila mmoja wao, akajua majina ya wake zao na vipindi vya redio wanavyovipenda. Akikaa ndani ya mduara huo kwa miezi miwili, anaanza kuuona kama nchi nzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale waliosema Saltsman hakuwafahamu watu wake. Aliwafahamu vizuri sana. Siku chache baada ya habari kuvuja, Politico, chombo cha habari za siasa, kiliripoti kwamba baadhi ya wajumbe walimwona kama mtu anayeonewa na vyombo vya habari, na kwamba hasira yao iliwaangukia zaidi wagombea wenzake waliomkosoa hadharani. Mike Duncan, mwenyekiti aliyekuwa madarakani na mwenye kutetea kiti chake, alisema ameshtushwa na kuchukizwa kwamba kuna mtu angeweza kudhani jambo hilo linafaa, wakati uchaguzi ule ulikuwa umewataka wafungue milango kwa watu zaidi. Ken Blackwell wa Ohio, mgombea mwingine na yeye mwenyewe Mweusi, aliona kwamba tatizo lilikuwa waandishi wa habari waliozidi kuwa wepesi wa kushtuka linapotajwa suala la rangi. Sitaki kumwekea Blackwell nia ambayo hakuitamka, ila natazama kanuni za mchezo: upigaji kura ule huendelea duru baada ya duru hadi mtu apate wingi wa kura, na anayetolewa leo jioni ana wafuasi watakaogombaniwa kesho asubuhi. Katika mchezo wa aina hiyo, kumkemea mwenzako kwa sauti kubwa ni gharama, na kumtetea kwa upole ni akiba.

Kwamba ilikuwa gharama ambayo mtu angeweza kuilipa, McCain alikwishaonyesha mwezi Februari 2008, alipokuwa akiwania urais. Katika mkutano wake mjini Cincinnati, mtangazaji wa redio Bill Cunningham alipanda jukwaani kabla yake na kulirudia mara kadhaa jina la kati la Obama, Hussein, kwa namna ya kumtia doa. Jina ambalo sisi tunalijua kuwa ni la babu yake, Hussein Onyango wa Kogelo. McCain hakuwapo jukwaani, hakuyatuma maneno hayo, na angeweza kujifanya hakusikia. Badala yake aliwaendea waandishi, akaomba radhi na kusema hayakubaliki, na Cunningham akatangaza hewani kwamba ameachana naye. McCain alipoteza mtangazaji mmoja na wasikilizaji wake, tena katika Ohio, jimbo ambalo mgombea wa Republican analihitaji kwelikweli.

Tarehe 29 Januari 2009, siku moja kabla ya kura, Saltsman alijitoa. Wenzake watano wakaingia ukumbini, na duru ya kwanza ikampa Duncan kura 52, Michael Steele 46, Katon Dawson 28, Saul Anuzis 22 na Blackwell 20. Duncan akajitoa njiani, Blackwell naye baadaye akajitoa na kumuunga mkono Steele, na katika duru ya sita Steele, aliyewahi kuwa naibu gavana wa Maryland, akashinda kwa kura 91 dhidi ya 77 za Dawson. Chama kikapata mwenyekiti wake wa kwanza Mweusi. Lakini hizo 77 nazo zitazamwe: Dawson, mwenyekiti wa chama wa South Carolina, alikuwa amejiuzulu mwaka uliopita tu kutoka klabu moja ya starehe ya mjini Columbia iliyojulikana kwa kutokuwa na wanachama Weusi, na bado kura nane zilizohama zingetosha kumpa kiti.

Ninapoziweka hesabu hizo mbele yangu, siamini kwamba CD ile ndiyo iliyomchagua Steele. Iliwalazimisha tu wajumbe kuchagua wakijua kwamba wanatazamwa, jambo ambalo kamati za namna hiyo hazijalizoea.

Na kutazamwa kulikoma mapema. Mwishoni mwa Februari, wiki nne hivi baada ya kuchaguliwa, Steele alikuwa kwenye kipindi cha CNN akaulizwa kuhusu Limbaugh, akasema huyo ni mtumbuizaji tu, na kwamba kipindi chake ni cha uchochezi na wakati mwingine kina sura mbaya. Limbaugh alimshambulia hewani, na ndani ya siku chache mwenyekiti wa chama akamwomba radhi mwenye kipindi kilichoutangaza ule wimbo. Steele alipogombea tena Januari 2011, alishindwa na Reince Priebus. Saltsman kwa upande wake alisimamia kampeni ya ubunge ya Chuck Fleischmann kule Tennessee mwaka 2010, akaenda naye bungeni kama mkuu wa ofisi yake, na Huckabee alipojitosa tena kuwania urais katika uchaguzi wa 2016, meneja wa kampeni alikuwa yeye.