Nyama Tunayonunua na Njia Iliyopitia

Hapa Unguja mtu anapofika bucha huuliza bei ya kilo, huuliza kama kuna steki au maini, kisha hulipa na kuondoka, akiwa ameshajiridhisha moyoni kwamba nyama ni halali na hakuna zaidi la kuuliza. Mimi naamini lipo, nalo ni kubwa: mnyama huyu ametoka wapi, amechinjiwa wapi, na nani aliyemkagua?

Wafugaji wetu wengi wa Unguja na Pemba hufuga ng'ombe wachache, kwa ajili ya maziwa, kulima na kuvuta gari, na humuuza mmoja pale shida inapobisha hodi. Hata ufugaji huo ulikuwa na vikwazo vyake Unguja, kwani mbung'o walieneza nagana, maradhi yanayodhoofisha na kuua mifugo, hadi walipotokomezwa kwa kuachiwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na mbung'o wa mwisho akanaswa mwaka 1996. Kwa hiyo kitoweo chetu kinategemea mno ng'ombe wa Bara. Ng'ombe huyo anaweza kuwa amezaliwa Shinyanga au Singida, akauzwa katika mnada wa kijijini, akauzwa tena katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kisha akapakiwa chomboni na kuvuka bahari akiwa hai. Kila anapopata mmiliki mpya, habari zake hupungua, na anapofika kwenye ndoano ya bucha huwa amebaki na jina moja tu. Nimekuwa na desturi ya kumuuliza muuzaji wangu, "Ami, ng'ombe wa leo wa wapi?" naye hunijibu kwa upole, "Wa Bara, mwanangu." Bara ni pana mno kuwa jibu, na simlaumu, kwa kuwa hata yeye hakuambiwa zaidi ya hapo.

Habari hizo zina kazi. Mnyama hukaguliwa kwanza akiwa hai, kwa sababu yako maradhi ambayo hayapaswi kabisa kufikia kisu. Ng'ombe mwenye kimeta, kwa mfano, hatakiwi kuchinjwa wala kupasuliwa, kwani damu yake ikimwagika vijidudu hugeuka mbegu zinazodumu ardhini kwa miaka mingi. Baada ya kuchinjwa, mkaguzi hupasua misuli ya mashavu na moyo akitafuta viluwiluwi vya tegu, hupapasa mapafu na tezi akitafuta dalili za kifua kikuu, na hukata maini kuona kama yana minyoo. Ndipo anapopiga muhuri. Nyama iliyochinjwa kichochoroni usiku haijapita katika mikono hiyo, na ikishakatwa vipande hakuna mnunuzi, hata awe mjuzi namna gani, anayeweza kuyaona yale ambayo mkaguzi angeyaona kwenye kichwa, mapafu na maini.

Yapo pia yasiyoonekana hata kwa mkaguzi. Ng'ombe aliyedungwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ile aina inayokaa mwilini muda mrefu, hatakiwi kuchinjwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi 28, na mabaki ya dawa hayo hatuwezi kutegemea moto wa jikoni uyaondoe. Hapo ushahidi pekee ni kauli ya mfugaji, na kauli ya mfugaji haifiki kwetu ikiwa hatumjui mfugaji mwenyewe.

Nimewahi kuambiwa na wazee ninaowaheshimu kwamba kuuliza sana ni wasiwasi, na kwamba Mtume (S.A.W.), alipoulizwa kuhusu nyama iliyoletwa na watu ambao haikujulikana kama walitaja jina la Mwenyezi Mungu, aliagiza walaji walitaje wao na wale. Mafundisho hayo nayakubali kwa moyo wote. Lakini yanatuondolea shaka juu ya kisomo cha mchinjaji. Hayakutuambia tufumbe macho juu ya maradhi. Tazama tunavyofanya wenyewe inapokaribia Idd el-Hajj. Ng'ombe wa udhhiya, hata tukichangia watu saba, tunamwendea zizini, tunauliza umri wake kama umetimia miaka miwili, tunamtembeza kuona kama anachechemea, tunamtazama macho asiwe chongo, na tunamkataa akiwa mgonjwa au amekonda kupita kiasi. Elimu hiyo tunayo sote, hata watoto wanaifahamu. Sioni kwa nini itumike siku moja kwa mwaka, na siku nyingine zote tuwalishe watoto hao hao nyama ambayo hatuna habari zake.

Kuhusu kuku wa barafu kutoka Brazil, nina maneno machache. Wengi huwatilia shaka kwa sababu wametoka mbali, ilhali katoni yake huandikwa nchi, namba ya kiwanda, tarehe ya kuchinjwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, yaani habari nyingi kuliko ng'ombe yeyote wa soko la Darajani au Mwanakwerekwe. Tatizo liko dukani. Katoni hufunguliwa, mapaja humwagwa ndani ya friza juu ya yale ya wiki iliyopita, na boksi hutupwa pamoja na kila kilichoandikwa juu yake.

Haya yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Mwenye duka akate ubavu wa katoni wenye maandishi na kuubandika kwenye friza mpaka mzigo ule uishe, wala asichanganye mzigo mpya na wa zamani. Mwenye bucha atundike kibao kidogo na kuandika kila asubuhi kwa chaki: ng'ombe ametoka wilaya gani, amechinjwa machinjio gani, saa ngapi; na ile sehemu yenye muhuri aiache ikining'inia mpaka mwisho badala ya kuikata mwanzo. Nasi wanunuzi tuulize kabla ya kutoa pesa, kwa adabu na kila siku, ili muuzaji naye apate sababu ya kumuuliza aliyemletea ng'ombe.