Geji za joto na za turbo kwenye lori la dizeli: namna ya kuzichagua na kuzitilia shaka

Lori linalopandisha mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, likiwa na mzigo kamili linaweza kuumiza injini yake kabla sindano ya joto la maji kwenye dashibodi haijasogea. Hiyo si hitilafu ya geji. Maji ya rejeta hupata joto polepole, na kwa hiyo huchelewa kutoa habari za kinachotendeka ndani ya silinda, ilhali joto la moshi hubadilika ndani ya sekunde chache baada ya dereva kukanyaga mafuta. Kwa sababu hiyo, mwenye lori la zamani lenye turbo, hasa lile ambalo pampu yake ya dizeli haiongozwi na kompyuta, namshauri awe na geji tatu: ya joto la maji, ya joto la moshi na ya presha ya hewa inayosukumwa na turbo. Hizo mbili za mwisho zisomwe pamoja, kwa kuwa kila moja ikiwa peke yake hueleza nusu ya habari.

Katika kununua, jambo la kwanza la kuuliza ni volti. Malori makubwa hutumia volti 24, lakini geji nyingi zinazopangwa madukani zimetengenezewa magari madogo ya volti 12. La pili, ambalo huwaponyoka wengi, ni kwamba geji ya umeme na sensa yake ni jozi moja. Ukinzani wa sensa ya joto la maji hupungua kadiri maji yanavyopata moto, na kila mtengenezaji ana kipimo chake cha upunguaji huo. Sensa ya kampuni moja ikifungwa na geji ya kampuni nyingine, sindano itacheza vizuri tu huku ikitaja joto ambalo halipo. Pale Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, ni rahisi kupata geji nzuri iliyong'olewa kwenye gari la mtumba bila sensa yake. Mimi ningechukua seti kamili ya bei ya wastani kuliko geji ya kifahari isiyo na mwenzake. Seti hiyo ijaribiwe kabla ya kufungwa: sensa itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ikiwa imeunganishwa na geji na betri. Dar es Salaam isome karibu na nyuzijoto 100. Iringa mjini, ambako ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa hiyo geji inayosema 95 huko inasema kweli.

Kwa presha ya turbo napendelea geji isiyotumia umeme, inayopokea hewa moja kwa moja kupitia mpira mwembamba kutoka kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Ina vitu vichache vya kuharibika, na mpira ukipasuka kinachovuja ni hewa tu. Uso wake ufike bar 2 au 3, yaani psi 29 hadi 43. Geji za magari ya petroli, zile ambazo sehemu kubwa ya uso wake huonyesha mvuto wa hewa chini ya sifuri, hazifai sana hapa, kwa kuwa dizeli ya zamani haina vali ya kuziba hewa inapoingia na sehemu hiyo haitasomwa kamwe.

Geji ya joto la moshi hutumia nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo huzalisha umeme mdogo sana ncha inapopata moto. Mahali pake ni kwenye manifodi ya eksozi, kabla ya turbo. Mafundi wengine huiweka baada ya turbo wakihofia kwamba ncha ikikatika itaingia kwenye mapanga ya turbo. Hofu hiyo ina msingi, lakini suluhisho lake ni kununua ncha imara, kwa kuwa gesi ikishapita kwenye turbo huwa imepoteza nyuzijoto 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, na tofauti yenyewe hubadilika kulingana na mzigo. Wakati wa kutoboa, manifodi au turbo ifunguliwe, maana chembe moja ya chuma ikibaki ndani itakwenda kugonga mapanga hayohayo tunayoyalinda.

Kipimo ninachokishika ni kutozidi nyuzijoto 680 au 700 kabla ya turbo katika mlima mrefu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na pistoni husalimika kwa sababu moto huja kwa vipindi na oili huipoza kwa chini; lakini ulinzi huo una kikomo. Dereva anayeng'ang'ania gia ileile huku injini ikilemewa anamwaga dizeli nyingi kwenye hewa chache, na joto hupanda upesi. Akirudisha gia na kulegeza mguu kidogo, injini huzunguka haraka zaidi, turbo huleta hewa zaidi, na sindano huanza kushuka bila lori kusimama.

Faida ya kusoma geji mbili kwa pamoja inaonekana hasa pale lori linapokosa nguvu. Presha ikiwa chini kuliko kawaida yake na joto la moshi likiwa juu, hewa haifiki: filta ya hewa imeziba, mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) umelegea au turbo yenyewe imechoka, na aghalabu moshi mweusi utathibitisha. Vyote viwili vikiwa chini, tatizo liko upande wa dizeli, na filta yake ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Nimeona turbo zikishushwa na kubadilishwa kwa gharama kubwa kwenye malori yaliyokuwa na filta chafu ya dizeli. Hata hivyo, usomaji huo unahitaji mtu ajue lori lake husoma nini likiwa zima, kwenye mlima uleule na kwa mzigo unaofanana. Namba ya lori la jirani haitamsaidia.

Geji nayo hukosea, na kabla ya kufungua injini ni vyema kuihoji. Kwa ile ya joto la maji yenye sensa ya waya mmoja, chomoa waya kwenye sensa: sindano ianguke upande wa baridi. Ugusishe kwa muda mfupi kwenye chuma cha injini: ipande upande wa moto. Ikitii yote mawili, geji na waya ni vizima, na sensa ndiyo ya kushukiwa. Angalia pia kama fundi aliizungushia tepu nyeupe ya mabomba, kwani sensa ya aina hiyo hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kupitia nyuzi zake za kufungia, na tepu ikizidi huikata njia hiyo. Hatari kubwa zaidi ni ya geji isiyo na kasoro yoyote: maji yakiisha, sensa hubaki hewani na inaweza kuonyesha baridi wakati silinda hedi inapinda. Sindano ikishuka ghafla katikati ya mlima, simama.

Geji ya moshi inayorudi nyuma injini inapopata moto imefungwa nyaya kinyume. Inayosoma ovyo huenda ilirefushwa kwa waya wa kawaida wa shaba badala ya waya wa aina ya ncha yenyewe. Kwa ncha ya aina ya K, ambayo ndiyo ya kawaida, kila tofauti ya nyuzijoto 100 huleta takribani milivolti 4, hivyo multimita (kipima umeme) na kibiriti cha gesi vinatosha kuonyesha kama inafanya kazi.

Upande wa turbo, kagua kwanza mpira mwembamba mahali unapopita karibu na eksozi. Kama ulichagua geji ya umeme inayopima presha kamili, yaani inayohesabu pia presha ya hewa ya kawaida inayotuzunguka, washa swichi bila kuwasha injini: Dar es Salaam isome bar 1 hivi, Iringa 0.84. Ikisoma vinginevyo, badilisha sensa na uiache turbo mahali pake.