Darasa lililorudia kila nilichosema

Wiki yangu ya kwanza kufundisha Kiingereza Chiang Mai, Thailand: darasa la pili, watoto 40. Nasema "Sit down", nao wamesimama wima wananijibu kwa pamoja, "Sit down!" Nasema "No, no, listen", wanaitikia "No, no, listen!" kwa sauti ya kung'oa bati. Hadi Jumanne koo lilikuwa limekauka.

Jumatano mwalimu mwenzangu Mthai akaninong'oneza: unaongea mno. Nikafunga mdomo. Mkono kifuani, zamu yangu. Kiganja sikioni, zamu yenu. Kukaa nikawaonyesha kwa kukalia kile kiti chao kidogo, magoti yakanifika kidevuni. Wakacheka, wakakaa.

Likabaki "house". Maneno ya Kithai hayaishii kwa sauti ya s, kwa hiyo walisema "hau". (Kwetu wengi tungesema "hausi", basi sina wa kumcheka.) Nikaigeuza s kuwa nyoka: kidole kinapinda hewani, na neno haliishi mpaka nyoka apite. Ijumaa kila mtoto alikuwa na nyoka wake, na hata "dog" mmoja akaishia na s. Huyo nitamshughulikia Jumatatu.